Uzi: Kufuatilia Jua, Mwezi na nyota ukiwa ndani ya lupango lako, Lubumbashi

Kijiti cha Lupango (Kamalondo), Juni 2025

Ndugu wasomaji, uzi huu umezaliwa na sifuri. Juni ya mwaka jana binti yangu aliulizwa shuleni Jua huwa upande gani katikati ya mchana, akajibu kaskazini, na mwalimu akamnyima alama zote kwa kuwa kitabu kinasema kusini. Mtoto hakubisha darasani. Alipofika nyumbani alinivuta mkono hadi kwenye nguzo ya kamba ya nguo, akanionyesha kivuli chake kilivyolala kuelekea kusini, kisha akaniuliza: kivuli kikienda huku, Jua lenyewe litakuwa wapi? Nilimwambia kwamba macho yake hayakumdanganya, na kwamba kitabu nacho kimesema kweli, ila kilimwandikia mtoto wa Ulaya.

Mwaka mzima sasa nimekuwa nikiufuatilia mwendo wa anga bila kutoka nje ya lupango langu (kwa ndugu wa pwani: lupango ndilo jina letu la kiwanja cha nyumba chenye ua), na ninataka kuwaeleza nilichokiona ili wengine waongeze vyao. Saa zote nitakazozitaja ni za Lubumbashi, nazo nimeziandika kama zinavyosomeka kwenye simu.

Kifaa changu ni kipande cha bomba kilichosimama mita 1 kamili juu ya saruji, na nilikinyoosha kwa timazi ya fundi mwashi, kwa sababu bomba likiinama hata kidogo kazi yote inaharibika. Nilichora duara kulizunguka. Asubuhi, ncha ya kivuli inapoingia kwenye duara, natia alama. Alasiri inapotoka natia alama nyingine. Mstari unaopita katikati ya alama hizo mbili hadi kwenye bomba ndio kaskazini na kusini halisi, ambao hauna haja ya dira wala simu. Kivuli kinapolala juu ya mstari huo, hapo ndipo katikati ya mchana wa kweli, na hapo ndipo ninapokipima.

Tarehe 21 Juni kivuli kilikuwa sentimita 70, kikielekea kusini. Tarehe 21 Desemba kilikuwa sentimita 21 tu, na safari hii kilielekea kaskazini. Sababu ni kwamba Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya uzi, si ya saa), na Jua katika safari yake ya mwaka hufika nyuzi 23 na nusu kila upande, kwa hiyo hutupita kichwani mara mbili: karibu na tarehe 18 Februari likielekea kaskazini, na tarehe 23 au 24 Oktoba likirudi. Katikati ya tarehe hizo kuna miezi minane ambayo Jua la mchana liko kaskazini kwetu, na miezi isiyotimia minne ambayo liko kusini. Binti yangu angeulizwa swali lile lile mwezi wa Desemba, kitabu kingemshinda. Siku mbili zile za kupitwa kichwani bomba halina kivuli kabisa, ila duara dogo linalolizunguka mguuni kama soksi.

Lililonisumbua zaidi ni saa. Nilidhani kivuli kifupi kuliko vyote kitatokea saa 12:00, nikakaa hapo na kalamu yangu, na kivuli kikaendelea kupungua mbele ya macho yangu hadi saa 12:12. Nilishuku simu kwanza. Baadaye nilielewa kwamba saa yetu ya mashariki ya Kongo imepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 30, ambao uko mashariki yetu, ilhali sisi tuko karibu nyuzi 27 na nusu. Jua hutumia dakika 4 kuvuka uzi mmoja wa longitudo, kwa hiyo hutuchelewea dakika 10. Zile mbili zilizobaki, pamoja na tofauti nyingine kubwa zaidi, zinatokana na Dunia yenyewe, ambayo hulizunguka Jua kwa njia isiyo duara kamili na huku mhimili wake umeinama, kiasi kwamba Jua huwahi miezi fulani na kuchelewa miezi mingine. Tarehe 24 Oktoba kivuli changu kilikwisha saa 11:54. Tarehe 18 Februari kilikwisha saa 12:24. Nusu saa nzima ya tofauti, kwa saa ile ile na bomba lile lile!

Ndiyo maana pia siku fupi kuliko zote si siku ambayo Jua huchelewa zaidi kuchomoza. Mchana wetu mfupi ni wa karibu saa 11 na dakika 26, mwishoni mwa Juni, lakini asubuhi huendelea kuchelewa hadi Julai inapofika siku ya kumi hivi, Jua linapochomoza karibu saa 12 na nusu kwa hesabu ya ndugu wa pwani, yaani 6:31 kwenye simu. Wanaoamka kuwasha mbabula (jiko letu la mkaa) kwenye baridi ya Julai walikuwa wanalijua hilo bila hesabu.

Mama wa Ruashi

Papa Kijiti, asante. Mimi sina bomba, nina ukuta. Nakaa kibarazani kila jioni nikisubiri wateja wa mwisho wa makala (mkaa), na ukuta wa jirani upande wa mashariki una muembe, tangi la maji na kona. Miaka mingi nimeujua Mwezi mpevu kwa vitu hivyo vitatu: kwenye kiangazi hutokea karibu na kona, wakati wa mvua hutokea upande wa muembe. Mwaka jana na mwaka huu Mwezi wa Juni umeipita kona kabisa, umetokea nyuma ya nyumba ya pili, mahali ambapo hata Jua halijawahi kufika. Majirani wanasema ni dalili ya mambo mabaya. Mimi sitaki kusema hivyo, ila naomba maelezo, kwa sababu macho yangu hayajazeeka kiasi hicho.

Kijiti cha Lupango

Mama, uliloliona ni jambo kubwa, na mimi mwenye bomba nililikosa kwa sababu nilikuwa nainamisha kichwa chini.

Kwanza kwa nini Mwezi wa Juni hutokea upande wa kusini. Mwezi mpevu husimama mkabala na Jua, kwa hiyo Juni, Jua likiwa limekwenda kaskazini, Mwezi mpevu huwa kusini, na Desemba hubadilishana. Kona yako ya ukuta iko kusini, muembe uko kaskazini; umeona sawasawa.

Sasa kuhusu kuipita kona. Njia ya Mwezi imeinama kwa karibu nyuzi 5 ikilinganishwa na njia ya Jua angani, na mwinamo huo wenyewe hugeuka polepole na kukamilisha mzunguko kwa miaka 18 na miezi saba hivi. Kuna miaka ambayo nyuzi hizo 5 hujumlishwa kwenye zile 23 na nusu za Jua, na Mwezi hufika nyuzi 28 na nusu. Ndiyo miaka hii ya 2024 na 2025. Kutoka Lubumbashi, Jua la Desemba huchomoza nyuzi 24 kusini mwa mashariki kamili, ilhali Mwezi wa sasa hufika nyuzi 29. Nyosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni karibu nyuzi 10, kwa hiyo Mwezi umelipita Jua kwa nusu ngumi. Hali hiyo ilitokea mara ya mwisho mwaka 2006. Katikati ya miaka ya 2030 nyuzi 5 zitatolewa badala ya kujumlishwa, na Mwezi wako hautaifikia kona hata kidogo. Waambie majirani wangoje, na utie alama ya chaki ukutani.

Mwanafunzi wa Kasapa

Naomba niongeze la Mwezi kabla hatujauacha. Sisi sote tulifundishwa kwa Kifaransa kwamba Mwezi wenye umbo la herufi p ni robo ya kwanza na wenye umbo la d ni robo ya mwisho. Kanuni hiyo huku kwetu haifai. Mwezi hutupita karibu na utosi, na umbo lake hugeuka kulingana na upande uliouelekezea uso. Mwezi mwandamo mara nyingi hulala chali kama mtumbwi, ambao si p wala d. Ninayoitumia mimi ni hii: Mwezi unaouona jioni baada ya Jua kuzama unakua, na unaoukuta alfajiri unapungua.

Kuhusu nyota, wengi hulalamika umeme unapokatika mtaa mzima. Mimi siku hizo hutoa mkeka nje. Macho yanahitaji karibu nusu saa ya giza kabla hayajafunguka vizuri, na mtu mmoja akiwasha tochi ya simu mnaanza upya, kwa hiyo nimefunika tochi yangu kwa karatasi nyekundu ya pipi, kwa sababu mwanga mwekundu hauwasumbui sana.

Mwezi wa Mei, katikati ya mwezi, saa 21, Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, husimama wima upande wa kusini, ngumi nne juu ya upeo, na nyota mbili angavu za kundi la Kantori (Centaurus) zikiwa kushoto kwake. Vuta mstari mrefu wa Salibu kuelekea chini, mara nne na nusu ya urefu wake, utafika mahali patupu, ngumi moja na kidogo juu ya paa za majirani. Hapo ndipo ncha ya kusini ya anga, ambayo nyota zote za upande huo huizunguka. Urefu wake kutoka kwenye upeo ni nyuzi 11 na dakika 40, sawa kabisa na latitudo yetu. Ile nyota ya Kutubu, ya ncha ya kaskazini ya anga, inayosifiwa vitabuni iko chini ya upeo wa kaskazini kwa kiasi hicho hicho, na hakuna mtu aliyewahi kuiona kutoka Lubumbashi.

Julai ndiyo sikukuu yangu. Karibu saa 22 na nusu, katikati ya mwezi, Nge ameshapita utosini na mkia wake uliopinda, nyota yake nyekundu ikiwa kifuani, na karibu na mkia huo, mahali Njia Nyeupe inaponenepa, ndiko kitovu cha galaksi yetu kilipo. Kwetu kinapanda hadi zaidi ya nyuzi 72, karibu kabisa na utosi, na kiangazi hakina wingu. Mtu wa Brussels au Paris hukiona kikijikokota kwenye moshi wa upeo, kama anakiona.

Mpita Njia

Yote haya yana faida gani? Simu inanipa saa ya kuchomoza na kuzama bila bomba wala mkeka.

Kijiti cha Lupango

Inakupa, ndugu, na hesabu zake ni nzuri. Mimi mwenyewe nazilinganisha na zangu. Ila simu hudhani unasimama mahali tambarare, ilhali wengine wetu Jua linazamia nyuma ya kilima cha mabaki ya shaba. Na haikumsaidia binti yangu, kwa sababu hakuiona simu ikipingana na kitabu, alikiona kivuli.

Msomaji wa Mombasa

Ndugu wa Kongo, salamu kutoka pwani. Sisi tuna msemo wa wazee: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Je, huko kwenu unafuatwa?

Kijiti cha Lupango

Swali hili limeninyima usingizi wiki nzima, na nalipenda. Kilimia, kile kishada kidogo cha nyota ambacho wengi wetu tunahesabu sita, huzama pamoja na Jua mwanzoni mwa Mei na hurudi kuonekana alfajiri mwezi wa Juni. Kwenu Mei ni mvua ya masika, na Juni mvua imepungua, kwa hiyo kikizama kwa mvua kinazuka kwa jua kweli. Kwetu mvua huwa imekwisha Aprili. Kilimia chetu huzama kwa jua na huzuka kwa jua, tena kwa baridi ambayo usiku wake hushuka chini ya nyuzi 10 za joto. Msemo wenu ukivuka Ziwa Tanganyika unapoteza nusu yake.

Lakini jina halipotei. Kilimia ni cha kulima, na huku kwetu kinafaa kwa wakati mwingine wa mwaka: Novemba, Jua likizama magharibi, Kilimia huchomoza mashariki na kukaa angani usiku kucha, na huo ndio mwezi mvua zinapokaa sawa na watu wanapanda mahindi kuzunguka mji. Nadhani mkulima wa Katanga angetunga msemo wake mwenyewe juu ya kuchomoza jioni, na huenda wazee wa vijijini wanao. Mwenye nao auandike hapa.

Fundi wa Kuchomelea (Katuba)

Mimi natoa onyo moja kuhusu Jua. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa kwa umbo la pete na njia ya pete ikaikata nchi yetu kuelekea Tanzania, hapa Lubumbashi tuliona sehemu kubwa ikiliwa. Karakana yangu ilijaa watu wanaotaka vioo vya kuchomelea. Nilivikatalia, wakanichukia. Kioo kinachofaa kutazama Jua ni namba 14, na vingi tunavyotumia kazini ni 10 au 11, ambavyo vinakutosha kwa cheche, kwa Jua vinakuunguza jicho bila maumivu. Picha za eksirei, kanda za zamani, diski za muziki, vyote si salama. Beseni la maji nalo, ambalo akina mama wengi hulitumia, linapunguza mwanga lakini halipunguzi vya kutosha.

Njia ya bure ni kuligeuzia Jua mgongo. Toboa tundu dogo kwenye katoni, acha mwanga upite uangukie karatasi nyeupe, utaliona Jua lenyewe likiwa limemegwa. Siku ile chini ya muembe wangu kila mwanya wa majani ulichora mwezi mwandamo mmoja kwenye vumbi, maelfu, na watoto walikuwa wanavikanyaga. Tarehe 25 Novemba 2030 Jua litapatwa kikamilifu kusini mwa Afrika, Namibia, Botswana na Afrika Kusini, na sisi tutaona sehemu. Tuombe tu mvua itupishe.

Mama wa Ruashi, Septemba 2025

Naleta habari ya Jumapili tarehe 7. Mtoto wangu alisikia kwenye redio ya Kinshasa kwamba Mwezi utakuwa mwekundu wote kuanzia saa 18 na nusu. Tulitoka saa hiyo, tukaukuta Mwezi mzima juu ya ukuta, ukingoni kidogo tu umeanza kama umechafuliwa. Wengine wakacheka, wakarudi kula bukari (ugali).

Mwanafunzi wa Kasapa

Mama, Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kila tangazo la kutoka huko liongezewe saa moja. Kivuli cha Dunia kilianza kuumega Mwezi saa 18:27 kwetu, ukafunikwa wote kuanzia 19:30 hadi 20:52, na ukaachiliwa kabisa 21:56.

Mama wa Ruashi

Nilijua baadaye, kwa sababu sikurudi ndani. Ulikuwa kama chungu kilichotoka motoni, na moshi wa mapori yanayochomwa msimu huu uliuongezea giza, hadi nyota zilizokuwa zimefichwa na mbalamwezi zikajitokeza zote. Waliorudi kula niliwaita saa 20. Walikuja na sahani mkononi.

Mwanafunzi wa Kasapa

Kupatwa kwa Mwezi kutakakofuata kwetu kuandikwe kabisa ukutani: alfajiri ya tarehe 28 Agosti 2026, kuanzia saa 4:34. Mwezi hautafunikwa wote, lakini utazama magharibi, karibu na kuchomoza kwa Jua, ukiwa umebaki ukucha mwembamba. Mtafute mahali ambapo magharibi hapana ukuta.

Kijiti cha Lupango, 24 Oktoba 2025

Nilikuwa nimewaahidi picha ya bomba bila kivuli. Saa 11:40 kivuli kilikuwa kimebaki kama upana wa vidole vinne, upande wa magharibi. Saa 11:48 lilikuja wingu la mvua za kwanza, na lilipoondoka ilikuwa 12:09 na kivuli kilikuwa kimeshahamia mashariki. Binti yangu ameandika kwenye daftari lake «wingu» na amekataa kuandika namba aliyoikokotoa badala ya aliyoiona.

Mama wa Ruashi

Huku Ruashi hakukuwa na wingu, Papa. Nilisimamisha chupa ya bia tupu juu ya meza ya makala. Saa 11:54 kivuli kilikuwa chini ya chupa chote.

Mchimbaji wa Kolwezi

Nimeusoma uzi wote leo. Na mimi nikisimamisha chupa kesho nitaona?

Kijiti cha Lupango

Umechelewa, ndugu. Kolwezi iko kaskazini yetu kwa karibu uzi mmoja, kwa hiyo Jua likirudi kusini huanza na ninyi. Kwenu lilikuwa karibu na tarehe 21, na Likasi karibu na tarehe 22. Februari itakuwa kinyume: litatupita sisi kwanza, tarehe 18, kisha Likasi, kisha ninyi karibu na tarehe 21. Tena usiweke saa yetu, kwa sababu mko magharibi zaidi na Jua hutumia dakika nane kutoka kwetu kuwafikia. Angalia chupa yako saa 12:32, na uhakikishe meza haijainama.